Tifutifu ya Kingo za Korongo, Mbuga Nyeusi au Mchanga: Ulinganisho kwa Mfugaji wa Nyanda Kame

Mkoani Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wake ni kati ya milimita 550 na 600 katika sehemu nyingi. Miezi mingine yote ardhi hukauka, ng'ombe hutembea mbali, na kila kaya yenye mifugo huelekeza macho bondeni, kwenye makorongo, kwa sababu huko ndiko unyevu unakochelewa kuondoka. Anayepewa ekari chache huko chini, au kikundi kinachotaka kutenga malisho ya kiangazi, hukuta aina tatu za ardhi zinazopakana, pengine ndani ya mita mia tatu tu: udongo tifutifu uliolala kwenye kingo za korongo, mbuga nyeusi ya mfinyanzi pale bonde linapotanuka, na mchanga uliojaa ndani ya korongo lenyewe na kumwagika pembeni yake. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya anayesita kati ya hizo tatu, iwe anataka nyasi za kuvuna, eneo la kulishia Septemba na Oktoba, bustani ya mboga au maji ya kunyweshea.

Aina zote tatu zimeletwa na maji yaleyale. Maji yanayoshuka kwa kasi hubeba kila kitu, lakini kasi inapopungua chembe nzito hutua kwanza. Ndiyo maana mchanga hubaki ndani ya korongo. Mafuriko yanapovuka kingo na kupunguzwa nguvu na nyasi na vichaka, hutua mchanganyiko wa mchanga laini, chembe za kati na mfinyanzi kidogo, na huo ndio udongo tifutifu. Pale maji yanaposimama siku kadhaa bila pa kwenda, hutua mfinyanzi mtupu. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Usambara, alizunguka Tanganyika katika miaka ya 1930 akaonyesha kwamba udongo wetu hupangika kama mnyororo kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, na kwamba mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Aliuita kwa neno la Kilatini, catena, lenye maana hiyohiyo ya mnyororo, na neno letu «mbuga» likaingia katika maandishi ya wataalamu wa udongo bila kutafsiriwa. Namtaja kwa sababu fundisho lake bado ni la manufaa kwa anayechagua shamba: kipande cha chini hakieleweki bila kutazama kilicho juu yake.

Vigezo

Nitatumia vigezo vitano kwa aina zote tatu. Cha kwanza ni jinsi udongo unavyopokea maji, unavyoyatunza na unavyoyaachia mizizi. Cha pili ni rutuba pamoja na chumvi. Cha tatu ni nyasi na miti inayoota hapo, na namna ardhi inavyostahimili kwato. Cha nne ni hatari inayoletwa na korongo lenyewe, na cha tano ni kazi na gharama. Uzito wa vigezo hivyo si sawa. Kwa maoni yangu cha nne ndicho kinachosahaulika mara nyingi zaidi, na ndicho kinachogeuza eneo zuri kuwa hasara, kwa hiyo nitakaa nacho muda mrefu kuliko vingine.

Kuutambua udongo kwanza

Rangi hudanganya, hasa wakati wa mvua ambapo kila kitu bondeni huonekana cheusi. Chukua udongo wa kujaza kiganja, uloweshe kidogo kidogo, ukande kama unga wa chapati, kisha uusukume kati ya kidole gumba na cha shahada ili utoke utepe. Mchanga hautoi utepe kabisa, na ukiufinya unasikia chembe zikikwaruza. Tifutifu hutoa utepe mfupi, chini ya sentimita 2.5, kisha hukatika. Mkononi ni laini, haukwaruzi sana wala haunati sana. Mfinyanzi wa mbuga hutoa utepe wa sentimita 5 na zaidi, hung'aa unapoupaka kwa kidole, na huacha mkono umechafuka. Kwa vipimo vya maabara, tifutifu kamili ina mfinyanzi kati ya asilimia 7 na 27, mchanga usiofikia asilimia 52, na chembe za kati, zile laini kama unga zinazotulia polepole kwenye ndoo ya maji ya mafuriko, kati ya asilimia 28 na 50.

Kipimo cha mkono hakitoshi kwa tifutifu ya korongo, kwa sababu sifa yake kubwa imefichika chini. Katika shimo moja nililochimba kwenye ukingo wa korongo wilayani Mpwapwa, juu palikuwa na tope laini la unene wa kidole, lililokauka na kupasuka vipande vipande kama vigae huku pembe zake zikijikunja. Chini yake ulifuata mstari wa mchanga mweupe, kisha tifutifu ya kahawia iliyojaa mizizi myembamba, na kwenye kina cha mkono mzima palikuwa na mstari mweusi wenye vipande vya makaa na mizizi iliyooza. Mstari huo ulikuwa uso wa ardhi zamani. Watu walichoma moto juu yake, nyasi zikaota, halafu mafuriko yakaufunika. Kwenye udongo wa mteremkoni mboji hupungua hatua kwa hatua kadiri unavyochimba, lakini kwenye tifutifu ya mafuriko hupungua, kisha huongezeka tena, kisha hupungua. Anayepima sentimita 20 za juu peke yake hajaupima udongo huo.

Maji

Udongo tifutifu ukishalowa hupokea takriban milimita 10 hadi 20 za maji kwa saa. Mvua za Dodoma hupiga kwa nguvu na kwa muda mfupi, na mvua ya milimita 30 kwa saa moja si jambo la kushangaza, kwa hiyo sehemu ya maji hayo itatiririka hata kwenye tifutifu nzuri isipokuwa nyasi ziyazuie. Yanayoingia hutunzwa vizuri: mita moja ya kina hushika milimita 100 hadi 175 ambazo mizizi inaweza kuzichukua. Tukichukua milimita 150, na nyasi zinazotumia milimita 5 kwa siku, hiyo ni akiba ya mwezi mzima baada ya mvua ya mwisho. Mizizi ikifika mita mbili, kama inavyofanya mara nyingi kwenye udongo huu mlaini, akiba inakaribia miezi miwili. Hapo sijahesabu maji ya mafuriko, ambayo ndiyo faida ya pekee ya kingo: mvua iliyonyesha kilimani mbali, bila tone moja kuanguka kwenye shamba lako, huja kulimwagilia.

Mistari ya mchanga ndani ya tifutifu huwatia watu wengi hofu, kwa kudhani kwamba itavuja maji yote. Kwa kawaida mambo huwa kinyume. Maji yaliyo kwenye udongo wenye vinyweleo vidogo hayashuki kwa urahisi kwenye mchanga wenye nafasi kubwa mpaka tabaka la juu lishibe, kwa hiyo mstari wa mchanga kwenye kina cha nusu mita unaweza kuyazuia maji yakae pale pale mizizi ilipo. Tatizo huja pale mstari huo unapokuwa mnene, kwa sababu mizizi michanga hufika hapo ikakuta pakavu na kusimama.

Mbuga nyeusi ina tabia mbili. Mwanzoni mwa msimu nyufa zake, ambazo nyingine zinaweza kumeza fimbo ya kuchungia, hupokea maji mengi na kuyapeleka chini kabisa. Baada ya siku chache mfinyanzi huvimba, nyufa hujifunga, na kasi ya kupokea hushuka hadi milimita 1 hadi 5 kwa saa. Kuanzia hapo maji husimama. Akiba yake ni kubwa kuliko zote, milimita 175 hadi 250 kwa kila mita, lakini mfinyanzi hung'ang'ania maji kiasi kwamba manyunyu madogo ya Desemba huishia kulowesha tabaka la juu na kupotea kwa jua kabla mzizi haujayapata. Mwaka wa mvua nzuri mbuga hubaki ya kijani hadi Julai. Mwaka wa mvua haba huwa ya kwanza kukauka, jambo ambalo anayeiona mwaka mmoja tu hawezi kulijua.

Mchanga hupokea zaidi ya milimita 30 kwa saa, karibu kila kinachoanguka, ila mizizi hubakiwa na milimita 25 hadi 100 kwa mita. Kama ardhi ya kuoteshea ni maskini, lakini kama ghala la maji hauna mpinzani, kwa sababu jua haliwezi kuyafikia maji yaliyo chini ya sentimita 60 hadi 90 za mchanga mkavu. Chukua kipande cha korongo chenye urefu wa mita 100, upana wa mita 10 na mchanga wa kina cha mita 2. Hiyo ni mita za ujazo 2,000 za mchanga, na kama robo yake ni maji yanayoweza kuchotwa, una lita 500,000. Ng'ombe mia moja wanaokunywa lita 30 kila mmoja kwa siku wangezimaliza kwa zaidi ya siku 160. Sehemu ya maji hayo hupenya na kuondoka, hasa pasipo na mwamba chini, kwa hiyo hesabu ya uwanjani huwa ndogo kuliko ya karatasini. Hata hivyo inaeleza kwa nini wafugaji tangu zamani huchimba visima mchangani, na kwa nini huko Kitui, Machakos na Makueni nchini Kenya watu wamejenga kuta nyingi za kuzuia mchanga ili ghala hilo liwe kubwa zaidi.

Rutuba na chumvi

Tifutifu ya kingo hupata mbolea bila kuombwa. Mafuriko hushusha majani, samadi iliyokokotwa kutoka mazizini na majivu ya moto wa kiangazi, na kila tabaka huacha kidogo. Udongo huu kwa kawaida hauna uchachu. Mara nyingi huelekea kwenye ualikali, kwa sababu chokaa inayoyeyuka milimani hutua bondeni maji yanapokauka. Ukidondoshea limau au siki kwenye bonge lililotoka chini ukasikia likichemka na kutoa povu, chokaa ipo, na hiyo peke yake si kasoro kwa nyasi za malisho.

Kinachopaswa kuogopwa ni magadi. Kuna kingo ambazo ukizitazama huoni kasoro yoyote, lakini udongo wake umejaa sodiamu, na udongo wa namna hiyo huyeyuka badala ya kulainika. Jaribio lake ni rahisi na halihitaji fedha: chukua bonge kavu lenye ukubwa wa punje ya mahindi kutoka kina cha nusu mita, lidondoshe kwenye glasi ya maji ya mvua, usilitikise, uliache hadi kesho. Likivunjika vipande vipande huku maji yakibaki maangavu, udongo ni salama. Likizungukwa na wingu kama maziwa ambalo halitulii, udongo huo utajifunga juu ukoko, utatobolewa na maji chini kwa chini, na ukingo wake utaporomoka. Jaribio hili lifanywe sehemu tatu au nne, kwa sababu magadi hukaa kwa mabaka.

Mbuga ina virutubisho vingi vilivyoshikwa na mfinyanzi, ila mara nyingi hupungukiwa naitrojeni, na hata fosforasi, na sehemu zake za chini kabisa zinaweza kuwa na magadi zaidi kuliko kingo. Mchanga hauna cha kushika mbolea. Samadi unayoweka huoshwa na mvua mbili kubwa. Chini ya mkababu, yaani Faidherbia albida, hali huwa nzuri zaidi, kwa kuwa mti huo huangusha majani wakati wa mvua na kurutubisha chini yake, kisha hubaki wa kijani wakati wa kiangazi na kutoa maganda ambayo mbuzi na ng'ombe huyala kwa pupa.

Nyasi, miti na kwato

Nyasi nzuri za kudumu za nyanda kame, kama Cenchrus ciliaris, hupenda tifutifu kuliko kitu kingine. Hazivumilii maji yaliyosimama wala mfinyanzi mzito. Pamoja nazo kwenye kingo utakuta ukoka unaotambaa na kushona udongo, na miti mikubwa ambayo isingeishi kwa mvua peke yake: mkuyu, mkwaju, mgunga wa manjano. Mkuyu mzima kwenye ukingo ni ushahidi kwamba maji ya chini bado yapo karibu. Mikuyu iliyoanza kufa vichwa kwa wakati mmoja ni ushahidi wa kinyume, na ningeamini ushahidi huo kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Uzuri huo huwaita wageni pia. Nchini Kenya mathenge, mti wa kigeni ulioletwa Baringo katika miaka ya 1980, umefunika maeneo makubwa ya tambarare za mafuriko zilizokuwa malisho, hasa pale penye tifutifu na maji ya karibu. Anayechagua kingo achague pia kuzikagua kila mwaka.

Mbugani huota nyasi ndefu zinazostahimili maji, zikiwamo jamii za Echinochloa, pamoja na migunga mifupi yenye vinundu vya sisimizi. Ni malisho mengi, lakini hukomaa na kuwa magumu haraka. Mchanga wa pembeni huota nyasi za msimu zinazochipua siku chache baada ya mvua ya kwanza, na huo ndio msaada wake mkubwa: hutoa lishe mapema, wakati kwingine kote ni vumbi.

Kuhusu kwato, mbuga iliyolowa haifai kabisa kuingizwa mifugo. Alama za kwato za Februari utazikuta bado zipo Septemba, ngumu kama vibakuli vya chungu, na mizizi iliyokatwa ndani yake haikuota tena. Tifutifu huvumilia zaidi ikiwa kavu, ila ikikanyagwa ikiwa na unyevu hushikamana na kufanya ukoko ambao mbegu haiwezi kuutoboa. Mchanga haujali kwato. Kinachoharibika hapo ni maji, iwapo ng'ombe wataachwa waingie hadi kwenye kisima.

Hatari ya korongo

Swali la kwanza la kuuliza kuhusu kingo zenye tifutifu ni hili: je, mafuriko bado yanafika hapo? Yote niliyoyasifu, yaani maji ya bure, mbolea ya bure na maji ya chini yaliyo karibu, hutegemea korongo lisiwe na kina kirefu. Korongo likichimbika hadi mita tatu au nne, kingo huachwa juu kama meza. Mafuriko hupita chini bila kuzigusa, maji ya ardhini hushuka kufuata sakafu ya korongo, na kilichokuwa bonde lenye unyevu hugeuka kuwa nchi kavu yenye udongo mzuri. Sura ya udongo haibadiliki, na utepe wa kidole utatoka uleule. Nimewahi kupanda nyasi kwenye ukingo wa namna hiyo kwa kuvutiwa na udongo wake, mwaka wa mvua nzuri zikaota vizuri, na mwaka uliofuata nusu yake ikakauka kabla ya Mei, huku nyasi za jirani yangu, ambaye korongo lake lilikuwa na kina cha goti, zikiendelea kukatwa. Udongo wetu ulikuwa mmoja.

Kwa hiyo simama ndani ya korongo. Kama ukingo unakufikia kiunoni na juu yake kuna takataka za mafuriko zilizonasa kwenye vichaka, eneo bado linalishwa. Kama ukingo umekupita kichwa na ukuta wake umesimama wima, umebomoka upya, na mizizi inaning'inia hewani, ardhi hiyo ihesabiwe kama ya mvua tu. Kisha tembea kuelekea juu hadi ukute kichwa cha korongo, ile ngazi ambapo maji huanguka na kula ardhi kurudi nyuma. Kikiwa chini ya eneo lako, kinakuja kwako.

Korongo pia huhama. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 katika bonde la Kinyasungwe na Mkondoa yalibomoa reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, na maji yanayong'oa tuta la reli hayawezi kuzuiwa na ua wa miiba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo kabla ya kujenga zizi, kisima cha zege au kibanda, muulize afisa mazingira wa wilaya na ofisi ya bonde la maji inayohusika. Nyasi za kudumu zisizolimwa zinaulinda ukingo. Jembe la kila mwaka hadi ukingoni hulialika korongo ndani ya shamba.

Mbuga haina hatari kubwa ya kuporomoka, ila inaweza kukufungia nje kwa wiki nyingi, na ng'ombe hunasa humo. Mchanga ndio usio na uhakika kuliko zote, kwani mvua moja inaweza kuondoa ulichopanda au kukifukia kwa nusu mita. Historia ya Kondoa inaonyesha jinsi ya juu na ya chini yanavyoshikana: mmomonyoko wa vilimani uliongeza mchanga kwenye mito na kufunika mashamba ya chini, mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma ukaanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi, ndipo nyasi na miti vikarudi. Mwenye tifutifu aliye chini ya mlima uliovuliwa nguo aangalie kila mwaka kama mafuriko yanamletea tope au mchanga.

Kazi na gharama

Tifutifu hulimika kwa jembe la mkono au la ng'ombe kwa siku nyingi za mwaka, na gharama yake kubwa ni ulinzi: ua, vizuizi vya maji, na makubaliano na majirani ambao nao huzitazama kingo hizo kila Oktoba. Mbuga hulimika kwa siku chache tu kati ya ugumu wa tofali na utelezi wa sabuni, na anayezikosa siku hizo hukosa msimu. Mchanga hauna kazi ya kulima, ila kisima chake hujaa na huchimbwa upya kila mwaka.

Nani anafaa wapi

Kingo zenye tifutifu, mradi mafuriko bado yanazifikia, zinamfaa mwenye mifugo michache ya maziwa anayetaka kukata na kuhifadhi majani, na kikundi kinachoweza kusimamia zuio la kuchunga bila ugomvi. Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, na mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 uliujenga upya utaratibu huo. Tifutifu ndiyo ardhi inayolipa zaidi kwa kufungwa hivyo.

Mbuga inamfaa mwenye ng'ombe wengi anayehitaji wingi wa majani ya Mei hadi Julai na mwenye mahali pengine pa kukaa wakati wa masika. Inamfaa pia anayetaka mpunga wa majaruba, kama wanavyofanya watu wa Bahi kwa maji ya mto Bubu. Mfinyanzi usiopitisha maji, unaomsumbua mfugaji, ndio anaoutafuta mkulima wa mpunga. Mchanga unamfaa ambaye malisho anayo ila maji hana.

Kwa hali yako

Kama una ekari mbili au tatu na ng'ombe wasiozidi kumi, na ukingo unakufikia kiunoni, chagua tifutifu, acha ukanda wa ukingoni bila kuulima, na panda nyasi za kudumu kabla ya kufikiria mahindi.

Kama eneo lako ni tifutifu lakini jaribio la glasi limetoa maziwa, usilichimbe wala kulilima. Lifunge kwa miaka miwili, ruhusu ukoka utambae, na uchungie kwa zamu udongo ukiwa mkavu.

Kama mvua ya kwenu ni ya chini ya milimita 400, kama ilivyo sehemu nyingi za kaskazini mwa Kenya, mbuga itakuangusha miaka mingi kuliko itakavyokufaa. Huko mchanga wenye tifutifu pembeni yake una nafasi nzuri zaidi, kwa sababu kidogo kinachonyesha huingia chini, jua lisikofika, badala ya kubaki juu.

Kama mnaamua kama kijiji, msigawe bonde kwa vipande vya mraba. Gaweni mistari inayokwenda kutoka mchangani hadi mbugani ili kila kaya ipate sehemu ya zote tatu, na muuingize ugawaji huo katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, pamoja na njia ya mifugo kwenda majini.

Na kama korongo limekwisha kuchimbika hadi juu ya kichwa chako, weka fedha ya mbegu kando kwa sasa. Tafuta kichwa cha korongo pamoja na majirani mnaolishiriki, mkipange mawe kwa ngazi fupi fupi na matawi ya miiba nyuma yake, mzuie mifugo kushukia hapo, na kazi hiyo ianze Agosti wakati ardhi ni kavu na watu wana nafasi, ili Desemba maji ya kwanza yakute mawe yamekwisha kukaa.